Aliyetangulia Berlin na Boston ndiye ramani ya msafiri wa Eldoret

KATIKA mikahawa ya Eldoret, majina ya Boston, Berlin, London na Rotterdam hutajwa kwa wepesi uleule ambao kwingineko nchini watu huitaja Nakuru au Kisumu. Si jambo la kustaajabisha. Kutoka jiji hili la Uasin Gishu, lililotunukiwa hadhi hiyo Agosti 15, 2024, na kutoka maeneo jirani ya Kaptagat, Iten na Kapsabet, wameondoka wanariadha waliotia fora katika barabara za miji hiyo kwa zaidi ya miaka 35.

Nyuma yao hufuata wengine. Wamo makocha, wake na waume, wazazi waliolipiwa tiketi ili wamshuhudie mwana wao akikimbia, na wanafunzi waliopata nafasi vyuoni. Wamo pia madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi, ambacho kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya themanini.

Hata hivyo, ni rahisi kwa msafiri wa aina hii kurejea nyumbani akiwa ameuona uwanja wa ndege, chumba cha hoteli na duka moja kubwa, na asiweze kuwaeleza waliobaki mji ule ulikuwaje. Hasara yake si ndogo. Tiketi ya ndege, ada ya viza na malazi hugharimu fedha ambazo familia nyingi huzipata kwa kuuza ng'ombe, kwa mahindi ya msimu mzima au kwa zawadi ya ushindi. Kwa wengi, safari hiyo haitarudiwa.

Dawa ipo karibu, nayo ni kumwuliza aliyetangulia. Eneo la Eldoret lina hazina ya watu walioikanyaga mitaa ya ng'ambo kwa nyayo zao, na ushauri wao hautozwi hata senti. Lakini ushauri wa mtu hufaa kwa kadiri ya swali aliloulizwa. Anayeuliza ovyo hujibiwa ovyo, na akifika ugenini huanza kumlaumu mwelekezi ambaye hakukosea lolote.

Macho ya mwanariadha

Mkimbiaji wa marathoni huuona mji kwa namna ya pekee. Kwa kawaida hufika siku chache kabla ya mashindano, hukaa katika hoteli moja na washindani wake, huonywa asitembee sana ili miguu isichoke, kisha huondoka siku moja au mbili baada ya mbio. Katika muda wa saa mbili na ushei hupita mbele ya majengo ambayo watalii hulipa ili wapelekwe kuyatazama. Macho yake wakati huo yamo katika mgongo wa aliye mbele na katika saa iliyo mkononi.

Ndiyo maana akiulizwa Berlin ikoje, aghalabu atajibu kuwa ni tambarare. Boston, atasema, ina vilima na upepo. Majibu hayo huwachekesha waliotarajia kusikia habari za majumba na makanisa, lakini yana uzito. Mzazi mwenye maumivu ya magoti anayetaka kuutembelea mji kwa miguu amekwisha kuambiwa jambo kubwa: Berlin itamfaa zaidi.

Mwanariadha pia huijua hali ya hewa kuliko vitabu vingi vya watalii, kwa kuwa huikabili akiwa na fulana na kaptura pekee. Hapa napo tahadhari inahitajika. Mwaka 2012, Wesley Korir aliposhinda mbio za Boston, joto lilifikia takribani nyuzi 30. Mwaka 2018, katika mji uleule na mwezi uleule wa Aprili, wakimbiaji walipigwa na mvua ya baridi kali tangu mwanzo hadi mwisho, na Geoffrey Kirui aliyekuwa akitetea taji lake akapitwa na Yuki Kawauchi wa Japani.

Mmoja akisema Boston ni joto na mwingine akisema Boston ni barafu, basi huenda wote wawili wamenena kweli. Kilichokosekana ni swali la pili: ulikwenda mwaka gani, na mwezi gani?

Maswali yasiyopaswa kusahauliwa

Swali la kwanza, basi, lihusu majira. Mkazi wa Eldoret amezoea jua linalochomoza na kutua karibu saa zilezile mwaka mzima. Ulaya na Amerika Kaskazini haziko hivyo. London, jua la Desemba hutua kabla ya saa kumi alasiri, ilhali Juni hukawia hadi baada ya saa tatu usiku. New York, mbio za marathoni hufanyika Jumapili ya kwanza ya Novemba, na siku hiyo giza huanza kuingia mapema kiasi kwamba msafiri aliyepanga kutalii jioni hujikuta akitazama taa. Aliyeusifu mji kwa matembezi ya jioni yamkini aliutembelea katika majira ya joto.

Swali la pili ni la siku. Mtu aliyekaa wiki tatu kwa jamaa yake hawezi kumshauri vyema aliye na siku mbili, ila akikumbushwa. Afadhali aombwe ataje vitu viwili tu, vile ambavyo angevichagua kama angekuwa na siku moja. Orodha ya vivutio ishirini humchosha msafiri kabla hajaondoka nyumbani.

La tatu ni la mfuko. Nani alilipa? Mwanariadha mashuhuri hulipiwa hoteli na waandalizi wa mbio, nayo huwa katikati ya mji karibu na utepe wa kumalizia. Akiisifu hoteli hiyo, anasema kweli, ila bei yake hakuilipa yeye. Mwanafunzi aliyeishi mjini humo kwa miaka miwili akipika mwenyewe na kupanda mabasi ndiye mwenye habari za malazi ya bei nafuu, masoko na tiketi za wiki.

La nne linamhusu mshauri mwenyewe. Anapenda nini? Mpenda magari akiusifu mji wa Indianapolis, atautaja uwanja wake wa mashindano ya magari uliojengwa mwaka 1909 na kusahau mengine yote. Daktari aliyekwenda huko kwa mafunzo huenda akakumbuka mfereji wa katikati ya mji ambao kando yake watu hutembea jioni. Wote wawili walikuwa katika mji mmoja.

Swali la tano, ambalo ni wachache huliuliza, ndilo lenye faida kubwa kuliko yote: ukirudi leo, ungeacha kufanya nini? Watu huona fahari kusimulia walichokiona, lakini foleni ya saa tatu, mkahawa uliowatoza mara mbili na ziara iliyowachosha watoto huvieleza tu wakiulizwa.

Njia ya mbio ni ramani

Lipo jambo moja ambalo karibu kila mwanariadha wa eneo hili anaweza kumwachia msafiri, hata kama hakutalii hata kidogo: njia aliyoikimbia.

Waandalizi wa marathoni za miji mikuu huichora njia kwa makusudi, ili ipite penye sura nzuri za mji wao mbele ya kamera za televisheni. Siku ya mbio barabara hizo hufungwa. Siku nyingine zote ziko wazi kwa kila mtu, na hakuna anayelipa kuzitembea. Ramani yake hutangazwa kila mwaka katika intaneti na yeyote anaweza kuichapisha kabla ya kuondoka.

Kilomita 42 si haba kwa asiyezoea, lakini si lazima zimalizwe kwa siku moja. Zikigawanywa kwa siku tatu, kila siku ina kilomita 14, na sehemu zisizo na la kutazama hupitwa kwa basi au treni. Aliyelelewa Eldoret, ambako kimo kutoka usawa wa bahari ni takribani mita 2,100, atagundua pia kwamba pumzi haimpi taabu katika miji iliyo karibu na bahari.

Berlin: Chini ya lango

Hakuna mji ambao Wakenya wameupatia sifa nyingi za kasi kama Berlin. Paul Tergat aliweka rekodi ya dunia ya marathoni huko mwaka 2003 kwa saa 2:04:55. Wakamfuata Patrick Makau mwaka 2011, Wilson Kipsang mwaka 2013, Dennis Kimetto mwaka 2014, na Eliud Kipchoge mara mbili, mwaka 2018 na 2022, ambapo mara ya pili alitumia saa 2:01:09.

Mbio hizo, ambazo hufanywa Septemba, huanza na kumalizikia kando ya bustani kubwa ya Tiergarten. Wakimbiaji hupita chini ya Lango la Brandenburg wakiwa wamebakisha mita mia chache tu. Hapo ndipo msafiri aanzie.

Lango hilo lilijengwa kati ya mwaka 1788 na 1791. Ukuta ulioigawa Berlin ulipoanza kujengwa Agosti 13, 1961, lango likabaki katika eneo lililozuiwa na askari. Ukuta ulifunguliwa Novemba 9, 1989. Septemba 30, 1990, siku tatu kabla ya Ujerumani mbili kuungana, wakimbiaji wa marathoni walipita chini ya lango kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo barabara ambayo jamaa za Kaptagat huitazama katika televisheni kama mahali pa kuongeza kasi ilikuwa, muda si mrefu uliopita, mpaka wa watu kupigwa risasi.

Kutoka langoni, mwendo wa takribani dakika kumi kwa miguu katika mtaa wa Wilhelmstraße humfikisha msafiri mahali ambapo Mwafrika hapaswi kupapita bila kusimama. Hapo palikuwa na makao ya Bismarck, na ndimo Mkutano wa Berlin ulimofanyika kuanzia Novemba 15, 1884 hadi Februari 26, 1885. Nyumba yenyewe haipo tena. Kilichopo ni kibao cha kumbukumbu. Mipaka ya Kenya haikuchorwa katika meza hiyo, kwani Uingereza na Ujerumani ziligawana Afrika Mashariki kwa mapatano ya mwaka 1886 na 1890. Lakini kanuni zilizotumiwa na mataifa ya Ulaya kuligawana bara zilikubaliwa humo, wala hakuna Mwafrika aliyeketi.

Msafiri mwenye muda zaidi aende penye mabaki ya Ukuta kando ya mto Spree, kipande cha urefu wa takribani kilomita 1.3 kilichochorwa picha na wasanii. Hapalipiwi. Kuba la vioo la bunge nalo hupandwa bila malipo, ila sharti jina liandikishwe mapema na pasipoti iwepo.

Aliyechoka kutembea apande basi nambari 100, ambalo hutoka Zoologischer Garten hadi Alexanderplatz likipitia sehemu nyingi zilizo mashuhuri. Ni basi la kawaida la wananchi, na tiketi yake ni ya kawaida. Tahadhari ni moja. Tiketi ya karatasi ya Berlin haitoshi kununuliwa, bali hugongwa muhuri katika mashine kabla ya safari. Wakaguzi huvaa nguo za kiraia, na faini ni euro 60 hata kwa mgeni anayeapa kuwa hakujua.

London: Kutoka Greenwich hadi kwa mfalme

Njia ya London, iliyokimbiwa kwa mara ya kwanza Machi 29, 1981, huanzia upande wa kusini mashariki, karibu na Greenwich, na kumalizikia katika barabara ya The Mall, hatua chache kutoka Kasri la Buckingham. Katika njia hiyo marehemu Kelvin Kiptum alikimbia kwa saa 2:01:25 mnamo Aprili 2023, miezi michache kabla ya kutumia saa 2:00:35 jijini Chicago. Alifariki katika ajali ya barabarani karibu na Eldoret Februari 11, 2024.

Greenwich ina kilima chenye jumba la kutazamia nyota ambamo hupita mstari wa longitudo sufuri. Ulimwengu uliukubali mstari huo mwaka 1884, na saa za Kenya huhesabiwa kutoka hapo kwa kuongeza tatu. Kuingia katika ua wa jumba hulipiwa, lakini kilima chenyewe ni bustani ya umma, na mandhari ya jiji kutoka juu yake ni ya bure. Chini ya kilima imo meli ya kale iitwayo Cutty Sark, iliyoundwa mwaka 1869, ambayo wakimbiaji huizunguka.

Jirani na meli hiyo upo mlango wa njia ya waendao kwa miguu inayopita chini ya mto Thames. Ilifunguliwa mwaka 1902, ina urefu wa takribani mita 370, na haina malipo. Watoto hawaisahau.

Karibu na nusu ya mbio wakimbiaji huvuka daraja la Tower Bridge, lililofunguliwa mwaka 1894. Kulivuka ni bure. Ngome ya Tower of London iliyo kando yake hutoza kiingilio kikubwa, na hapo ndipo swali la mfuko hurejea. Familia ya watu watano itafakari mara mbili, kwa maana jiji hilo lina makavazi mengi makubwa yasiyotoza kiingilio, yakiwemo British Museum na National Gallery.

Ndani ya British Museum, Mkenya huingia kwa moyo mzito kidogo. Makavazi hayo huihifadhi ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Tana River iliyochukuliwa wakati wa ukoloni, ingawa imekaa ghalani kwa miaka mingi, mbali na macho ya watazamaji. Wakazi wa bonde la Nandi wanaujua uchungu huo. Fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, aliyeuawa Oktoba 19, 1905, zilikaa Uingereza kwa karne nzima kabla ya kurejeshwa mwaka 2006. Anayezuru makavazi ya Ulaya akiwa na habari hizo hutazama vioo vyake kwa jicho jingine.

Boston: Mstari mwekundu

Mbio za Boston zilianza mwaka 1897. Mwaka huohuo mji huo ulifungua treni ya chini ya ardhi, ya kwanza nchini Marekani. Mwafrika wa kwanza kushinda mbio hizo alikuwa Ibrahim Hussein, mzaliwa wa Nandi, mwaka 1988. Baada yake, Robert Kipkoech Cheruiyot na Catherine Ndereba walishinda mara nne kila mmoja.

Njia ya Boston haifai kutembewa yote. Huanzia kijiji cha Hopkinton, mbali nje ya mji, mahali ambapo treni za mjini hazifiki. Msafiri achague sehemu mbili. Ya kwanza ni kilima maarufu cha Newton ambacho kimewavunja moyo wengi baada ya kilomita 32. Treni ya njia ya kijani iendayo Boston College humshusha mtu karibu na kilele chake. Kwa mkazi wa Bonde la Ufa kilima hicho si kirefu, na akikitazama ataelewa kuwa ukali wake unatokana na mahali kilipowekwa katika mbio.

Sehemu ya pili ni mtaa wa Boylston, ambako mstari wa kumalizia umechorwa barabarani na hubaki hapo mwaka mzima. Kando yake ipo maktaba ya umma ambayo jengo lake la kale lilifunguliwa mwaka 1895. Kuingia ni bure, na ukumbi wake wa kusomea una dari la kupendeza. Karibu hapo pana kumbukumbu za watu watatu waliouawa kwa mabomu Aprili 15, 2013. Si mahali pa kupigia picha za mzaha.

Kwa kuutazama mji wenyewe, Boston ina msaada usiopatikana kwingi: mstari mwekundu uliochorwa na kutandikwa matofali katika njia za miguu kwa takribani kilomita 4. Huanzia bustani ya Boston Common, iliyotengwa mwaka 1634, na kuunganisha sehemu 16 za historia ya Marekani kupigania uhuru wake. Mgeni haitaji mwelekezi wala kuuliza njia. Kazi yake ni kuufuata mstari.

Anayepitia New York akumbuke dokezo moja ambalo wenyeji hulitoa kwa kila mgeni. Mbio za huko huanzia kisiwa cha Staten Island. Feri ya kwenda kisiwani humo haitozi nauli, safari huchukua takribani dakika 25, na hupita mahali ambapo sanamu ya Uhuru huonekana vizuri.

Vienna: Barabara ya miti

Oktoba 12, 2019, wakazi wa Eldoret walisimamisha shughuli zao kumtazama Eliud Kipchoge akikimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40 mjini Vienna, Austria. Muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, lakini mahali pale pamebaki katika kumbukumbu za wengi.

Barabara yenyewe ni Hauptallee, ndani ya bustani ya Prater. Ni njia iliyonyooka kwa zaidi ya kilomita 4, iliyopandwa miti pande zote mbili, na magari ya kawaida hayaruhusiwi. Wenyeji huikimbia na kuitembea kila siku. Mwisho wake mmoja uko karibu na gurudumu kubwa la abiria lililojengwa mwaka 1897. Gurudumu hulipiwa, lakini bustani haina mlango wa malipo.

Viza, mizigo na mawakala

Mipango ya kutalii huvunjika mara nyingi kabla ya safari kuanza. Viza moja ya Schengen humruhusu msafiri kuingia nchi 29 za Ulaya, zikiwemo Ujerumani, Austria na Uholanzi, kwa siku zisizozidi 90 katika kipindi cha siku 180. Uingereza haimo. Anayetaka kuona Berlin na London katika safari moja atahitaji viza mbili na ada mbili. Anayetaka Berlin na Vienna anatosheka na moja, na treni itamfikisha.

Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, nayo hairudishwi viza ikikataliwa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15. Bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 ni ya lazima. Alama za vidole huchukuliwa Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Eldoret, na gharama ya safari hiyo nayo iwekwe katika hesabu. Jamaa za wanariadha wajue pia kuwa barua ya mwaliko huwahusu waliotajwa ndani yake pekee.

Kuhusu mizigo, zawadi inayokumbukwa zaidi na jamaa walio ng'ambo ndiyo isiyoweza kufika. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kutoka nje kuingia na maziwa wala nyama, na kwa hiyo kibuyu cha mursik kitaishia mikononi mwa maafisa wa forodha. Unga wa mahindi hauna taabu hiyo huko. Kuhusu umeme, plagi za Kenya huingia katika soketi za Uingereza, lakini Ujerumani, Austria na Marekani huhitaji kiunganishi kingine.

Lililo zito zaidi ni la fedha. Mwaka 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret wakidai pesa walizolipa ili watoto wao wapelekwe kusoma Finland na Canada kupitia mpango uliosimamiwa na kaunti, ilhali wengi wa watoto hao walikuwa hawajasafiri. Suala hilo lilifika mahakamani. Tukio hilo liliwafunza wengi kutofautisha kati ya ushauri na malipo. Mtu anayeaminika aweza kumwelekeza msafiri mahali pazuri pa kuona. Fedha za viza, tiketi na malazi, hata hivyo, zilipwe moja kwa moja kwa ubalozi au kituo chake, kwa shirika la ndege na kwa hoteli, na risiti ihifadhiwe kwa jina la anayesafiri.

Deni la aliyerudi

Kuuliza si ujinga, husema wahenga. Lakini hazina ya ushauri hudumu tu endapo wanaorudi wanaiongeza. Msafiri aliyesaidiwa na jirani yake ana deni la kumsaidia anayefuata, na deni hilo hulipwa vyema kwa kuandika mambo machache yangali mapya kichwani: mwezi aliokwenda, siku alizokaa, kiasi alicholipa, basi alilopanda, na kitu kimoja ambacho hangekifanya tena.

Karatasi moja yenye mambo hayo, ikikabidhiwa mzazi anayekwenda Berlin Septemba kumtazama mwanawe, ina thamani kuliko picha mia moja katika simu. Itamwezesha kusimama chini ya lango siku moja kabla ya mbio, alitazame kwa utulivu, kisha arudi nyumbani akaweze kuwaeleza waliobaki kile ambacho mwanawe alikipita mbio bila kukiona.